Bakuli Lililorudi Tupu

Baba Kolumba mpenzi,

Kama barua hii imekukuta umesimama, keti. Kama umeketi, usiinuke. Huku Mpepai mtoto mzima, mbuzi wazima, kahawa inaiva vizuri, kwa hiyo usitafute sababu ya kurudi mbio. Asiye mzima ni mimi peke yangu, na utajua kwa nini ukisoma taratibu.

Leo asubuhi Mama Skola, yule anayetuletea dagaa kutoka ziwani, ametua kapu lake hapa uani akicheka. "Mama Kolumba, mumeo amepona kabisa! Kila alfajiri yuko mchangani na mbio zake, anakwenda mpaka kule kwenye miamba na kurudi. Vijana wetu wa Mbaha wameshindwa kumfuata." Alidhani ananiletea habari njema. Nilimpa maji ya kunywa, nikamshukuru, nikaingia ndani na kutafuta karatasi na kalamu.

Amepona kabisa. Nani kasema?

Nilikupeleka huko Mbaha kwa mama yangu ili ulale. Nilisema kule hakuna mwenyekiti wa kijiji wa kukusifu wala bwana michezo wa kukuhimiza. Utakula samaki na kutazama maji mpaka uchoke kuyatazama. Kumbe nimekupeleka kwenye uwanja mpya.

Unaikumbuka siku uliposhinda mbio za wilaya? Wakati ule ulikuwa unakimbia ukijisikia. Ukichoka unalala, ukiamka unakula viazi na kunitania kwamba nilikupendea miguu tu, sura niliivumilia. Siku ile, baada ya kupokea zawadi yako ya blanketi, hukwenda kwa wakubwa waliokuwa wanakusubiri. Ulikuja moja kwa moja nilipokaa, jasho likikutiririka, ukanifunika blanketi mimi na mimba ya Kolumba mbele ya watu wote. Mwanamume gani wa huku anafanya hivyo? Nilitamani ardhi inimeze. Na usiku nililala nalo nikitabasamu peke yangu.

Miaka ikapita, kisha yakaja maneno ya mashindano ya mkoa, kule Songea. Na ukaja ule mkutano wa kijiji, mwenyekiti akakusimamisha na kusema, "Kijiji chetu hakina kupe. Mtazameni huyu, hana saa ya kukaa. Huyu ndiye mjamaa wa kweli." Watu walipiga makofi, hata mimi nilipiga. Tangu siku ile neno kupe likakuingia na halikutoka. Alfajiri mbio, asubuhi shamba la kijiji, alasiri mgambo, jioni mbio tena za kupanda na kushuka mlima. Jumapili, wenzako wakitoka misani na kwenda kukaa, wewe unashika njia ya Kitai kwa mbio. Ulianza hata kuchimba ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani, pamoja nasi wanawake, wakati kazi yenu wanaume ni kufyeka na kupanga majani, eti unatia mikono nguvu. Dada zako walicheka mpaka wakakaa chini kwenye mashimo. Nami nilicheka, ila kidogo.

Nilikuambia, "Baba Kolumba, pumzika leo tu."

"Anayepumzika ananyonya. Mimi si kupe."

"Unamnyonya nani ukilala kwenye kitanda chako mwenyewe?"

Ulikuwa unafunga kaptula, na kaptula yenyewe ilikuwa imeshaanza kuhitaji kamba.

Kukonda hakukunitisha sana. Kilichonitisha ni kwamba ulianza kushindwa. Vijana uliokuwa ukiwaacha mbali wakawa wanakupita mlimani, na badala ya kujiuliza, ukaongeza mbio. Mafua hayakukuacha. Midomo ikajaa vidonda. Usiku ulikuwa macho, na nikilaza kichwa kifuani kwako nasikia moyo unapiga kama vile bado unapanda mlima. Wewe uliyekuwa mtani wa kila mtu ukawa mtu wa kufoka. Ulimfokea Kolumba kwa sababu ya maji aliyomwaga, akajificha nyuma yangu na kuniuliza baba yake halisi atarudi lini.

Nilijifariji kwa jambo moja tu, kwamba unakula. Kila jioni nilipeleka ugali na bakuli la maharage kwenye sengu, pale kwa babu yako mnapokula pamoja wanaume wote wa ukoo, na kila jioni bakuli lilirudi tupu, limepanguswa. Nikikuuliza kama nikuongezee nyumbani, unasema, "Nimeshiba kule sengu." Mke gani asingefurahi?

Siku walipokubeba kwa machela kutoka njia ya Kitai, ulikoanguka, sitaisimulia yote. Nitasema kuhusu mkojo tu, kwa sababu nadhani umeusahau. Kopo nilikushikia mimi. Mkojo ulikuwa mweusi kama kahawa iliyokolea, na wewe, hata kichwa huwezi kuinua, ukaniambia, "Kesho nitapunguza mwendo." Kesho! Majirani walikuwa wameshaanza kunitazama vile watu wanavyomtazama mjane.

Pale hospitali ya misheni Sista daktari alinieleza polepole kwamba misuli yako imetumikishwa bila kupumzishwa mpaka inavunjikavunjika, na uchafu wake unaziba figo. Kisha akauliza, "Anakula?"

"Anakula sana, Sista," nilijibu kwa majivuno. "Bakuli linarudi tupu."

Baba yako mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akakohoa. "Mwanangu," akaniambia, "pale sengu tunamwona akipita tu. Tulipomwuliza alisema anakula kwako, kwamba siku hizi unampikia chakula cha peke yake, cha mbio. Basi tukawa tunakula sisi."

Kwangu unasema umeshiba sengu, na kule sengu unasema umeshiba kwangu. Nilikuuliza kwa nini, ukiwa umelala pale na midomo imekauka. Ukasema chakula kilikuwa kinakukinaisha, tena ukikaa kula usingizi unakushika, na kukaa ni kupoteza muda. Nilitaka kukupiga, Baba Kolumba. Nilikupangusa uso badala yake, maana ulikuwa na homa.

Na Sista alisema nini mwishoni? Ulikuwa macho, ulisikia kama mimi. Usikimbie hata kumfukuza kuku mpaka akuone tena. Figo zikigoma mara ya pili, yeye hana la kufanya. Najua Songea imekaribia. Najua umejidanganya kwamba mchanga ni laini kwa hiyo hauhesabiki.

Nilimwuliza Mama Skola kama angalau unakula. Akasema mama yangu anakusifu, sahani zinarudi tupu. Nilicheka kicheko kibaya mpaka akanishangaa. Mkwe hali mbele ya mama mkwe; anakuandalia kule chumba cha nje, anaweka sahani na kuondoka kwa heshima zake. Na pale uani kuna watoto wa kaka yangu ambao hawajawahi kumkataa samaki.

Nakupenda, na nimekukasirikia mpaka kalamu inatoboa karatasi, ndiyo maana mwandiko umekaa hivi. Huyo mjamaa wa kweli wamchukue wenyewe wakampigie makofi. Mimi nataka mtu wa kuzeeka naye, awe anakuja wa mwisho katika kila mbio za mkoa huu. Naogopa. Kila nikisikia hatua za mtu anayekuja haraka huko njiani, nadhani analeta habari zako.

Mama Skola anaondoka kesho na barua hii. Ijumaa lori la ushirika linashuka ziwani, na mimi na Kolumba tumepewa nafasi juu ya magunia, litakapoishia tutatembea. Bakuli ninalo. Nitapika mwenyewe, nitakaa na wewe barazani mchana kweupe, na tutakula sahani moja, mke na mume, mbele ya mama yangu, kaka zangu na wavuvi wote wa Mbaha. Watasema binti yao amepoteza adabu huko milimani. Mama ataingia ndani na kufunga dirisha. Wewe utainamisha kichwa kwa aibu. Inamisha, lakini tafuna. Aibu hii uliianza wewe, siku ile ya blanketi.

Mpaka Ijumaa, kaa. Na ukisikia watoto wanapiga kelele kwamba tumefika, nakuomba, usikimbilie kunipokea. Nitakuja mimi mpaka hapo ulipoketi.

Mkeo,
Mama Kolumba