Sema Lililokuuma, Ova

Dada Tekla,

...basi siku ile ya kwanza nikabonyeza kitufe cha redio koli, nikaishia kuhema tu. Wewe uko kazini zahanati kule Kapalamsenga, mi niko parokiani hapa Mpanda, jasho linanitoka kama nalima. Ukasema, "Mdogo wangu, usinipe habari zote. Niambie jambo moja lililokuuma leo, na moja lililokufurahisha. Sitakujibu. Ukimaliza sema ova, halafu na mimi nitasema yangu."

Si unakumbuka nilivyokuwa? Tangu tumzike mama, mi na baba tulikula sahani moja bila neno. Ugali ukiisha kila mtu ananawa kivyake, hakuna wa kummwagia mwenzie maji. Uliogopa nitaharibikiwa akili, ndo ukanipa lile zoezi, kila siku saa kumi.

Mara ya kwanza nilisema, "Leo sokoni nimeona kanga kama ya mama. Ova." Cha kufurahisha nilikosa. Ukanyamaza kweli. Redio ikawa inakoroma tu. Halafu ukasema yako: mama mmoja kajifungua salama, na wewe umelia kwa kuchoka. Nikarudi nyumbani Makanyagio kwa miguu, kifua chepesi.

Ujinga wetu, tulidhani tuko wawili! Kumbe vituo vyote vyenye redio koli vinasikia. Nikaugua malaria, siku moja sikwenda. Kesho yake hata hujasema kitu, mzee mmoja wa Ikola akadakia: "Wee kijana, jana ulikuwa wapi? Tumekusubiri hapa mpaka chai imepoa. Ova."

Ulicheka, dada! Mi nilitaka kukimbia. Ila yule mzee akaongeza taratibu, "Mke wangu naye alikufa, mwaka wa tatu huu. Nikiyasikia yako, yangu yanapungua. Ova."

Yale masaa nayakumbuka sana. Huko ulikohamishiwa hakuna redio, ndo maana nahangaika na kalamu, na shule yangu unaijua.

Jana nikajikaza, nikamweleza baba lile zoezi. Akaniangalia weee, akasema, "Yaani mmoja anasema, mwingine ananyamaza? Kunyamaza mbona ndo kazi yangu!" Tukacheka. Wote wawili, dada, hadi akakohoa. Halafu akasema leo ataanza yeye.

Naacha hapa, ananiita uani, mara ya pili hii: "We! Njoo kabla sijaghairi!"

Ni mimi, mdogo wako.