Nyimbo za Baba na Windows Mpya

Jumatatu, 12 Julai 1999

Fundi Ryoba kaja na basi la asubuhi kutoka Musoma, kabeba CD ya Windows mpya. Bosi wangu, Mama Dorotea, ndiye kamwita. Kasikia eti mwaka 2000 kompyuta zote zitazima. Nikasema hii yetu inachapa vizuri tu. Kanijibu duka la stationery ni lake. Haya! Saa nane skrini ikawa nyeusi. Tumefunga duka haijawaka.

Nyimbo za Baba zimo humo! Zote, za Kizanaki, alizotunga akiwa mwalimu wa kwaya Butiama. Sasa haoni, hawezi kuandika tena. Na karatasi zake mama yangu alishafungia maandazi sokoni. Nani angemkataza? Nilishazichapa zote, tulijua zimo kwenye kompyuta.

Jumanne, 13 Julai

Ryoba kalala hapa Bunda kwa ajili yetu, Mungu ambariki. Kaingiza diski ya kuwashia, kapitisha ScanDisk ya kukagua makosa — ikawaka! Nikaruka. Folda ya nyimbo, tupu.

Nikamletea diski zangu za backup, zile nakala za akiba. Windows mpya ikazikataa. Kumbe haisomagi backup ya programu ya zamani! Basi rudisha ya zamani, nikamwambia. Akacheka: ndiyo kazi ya kesho hiyo, dada.

Alhamisi, 15 Julai

Ya zamani imerudi. Diski ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa! Ya tatu ikaanza kukwaruza, Ryoba akawa anabonyeza ijaribu tena. Retry. Retry. Wapi! Ryoba kauliza nilizitunza wapi. Juu ya spika ya redio. Kashika kichwa — spika ina sumaku, dada! Ya tatu ndiyo ilikuwa chini kabisa.

Kairuka, kaendelea na zilizobaki. Nyimbo thelathini na moja zimepona. Tisa hazipo. Nimelia, halafu nimemshukuru Ryoba mpaka kaona aibu. Mama Dorotea kaniletea soda bila kunitazama. Nimeinywa yote.

Jumamosi, 17 Julai

Butiama. Nimefika nyumbani, nimemwambia Baba. Nilijua atafoka. Kauliza tu ni zipi zimebaki, nikamsomea.

"Thelathini na moja! Nilidhani umekuja kuniambia hakuna kitu. Chukua kalamu."

Asante Mungu kwa mzee huyu. Anaimba, naandika. Mpaka jioni sita zimerudi.

Jumapili, 18 Julai

Tumetoka misa, tumeendelea. Mbili zimekuja bila shida. Wimbo wa mwisho ni ule wa mavuno. Kaimba beti mbili, kanyamaza. Kaanza upya. Kanyamaza palepale.

"Umenitoka, Ursula."

Naogopa hata kumtazama.

Mama kaudaka huko jikoni! Ubeti wa tatu, anakanda unga wake. Sijawahi kumsikia akiimba peke yake — alisemaga sauti yake ya kufukuzia kuku. Kaingia wa nne. Baba kageuza uso kule kule jikoni. Ananinong'oneza kwamba huu wa nne yeye hakuutunga, hajawahi kuusikia. Nimuulize Mama? Baba kanishika mkono, nisimkatize. Yuko wa tano sasa, naandika tu, na Baba anajifunza kuitikia.