Kikao cha Dharura Kuhusu Ndege Mbili Zilizogongana Kiwanja cha Michenga

KAMATI YA KIWANJA KIDOGO CHA NDEGE, MICHENGA
Tarehe: Jumamosi, 18 Oktoba 2025
Mahali: Banda la abiria
Muda: Kiliitishwa saa 3:00 asubuhi, kikaanza saa 4:20.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Fulgensi – Mwenyekiti
2. Bi. Agnella – Katibu
3. Bw. Ndaki – Mjumbe, wakulima wanaopakana na kiwanja
4. Bi. Emerensiana – Mjumbe, muuguzi wa zahanati. Mjane wa Kapteni Ponsiano
5. Bw. Sylvester – Mwongoza ndege, aliyeitwa kujieleza

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Rubani Steven – Mjumbe. Amelazwa, mguu umevunjika.

KUMB. NA. 4/2025/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Wajumbe walisimama dakika moja kumkumbuka Kapteni Ponsiano. Dakika ilipokwisha hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa, hadi Bi. Emerensiana alipokaa.

KUMB. NA. 4/2025/2: TAARIFA YA AJALI
Mwenyekiti alieleza kwamba tarehe 2 Oktoba, saa 10 alasiri, ndege mbili zilikuwa zinakuja kutua. Ya mbele ilikuwa ya Bw. Steven, inayonyunyizia dawa mashamba ya mpunga. Ya nyuma ilikuwa ya Kapteni, imebeba chanjo za zahanati. Ndege ya tatu ilikuwa imeruka muda mfupi kabla, kuelekea Malinyi.

Kiwanja hakina rada. Utaratibu ni kwamba mwongoza ndege humuuliza rubani wa nyuma kwa redio kama ameiona ndege ya mbele. Akijibu ameiona, anaifuata kwa macho, na nafasi kati yao anaitunza yeye. Kapteni alijibu, "Nimeiona, baba." Aliyoiona ni ile ya Malinyi. Ya Bw. Steven ilikuwa chini, ndani ya moshi wa mabua, na Kapteni aliishukia kwa juu.

Bw. Ndaki alitaka ieleweke kwamba moshi haukutoka shambani kwake. Hakuna aliyekuwa amesema umetoka shambani kwake.

KUMB. NA. 4/2025/3: MAELEZO YA BW. SYLVESTER
Bw. Sylvester alieleza kwamba Kapteni alichelewa kujibu, na alitamani kumuuliza ndege ameiona upande gani. Hakuuliza. Alisema, "Yule ndiye aliyenifundisha kazi. Kila siku nilianza na shikamoo kwenye redio, ndipo nampa mwelekeo wa upepo. Mzee akishasema ameona, unamuulizaje tena? Si unamwita mwongo?" Baada ya hapo alipewa maji.

KUMB. NA. 4/2025/4: BARUA KWA WACHUNGUZI WA AJALI
Mwenyekiti alisoma rasimu ya barua. Ilisema kosa ni la mwongoza ndege peke yake. Alifafanua kwamba marehemu hasemwi, na Bw. Sylvester bado ana nguvu za kulima. Bw. Ndaki aliunga mkono, upesi kuliko kawaida yake. Bw. Sylvester aliuliza kama barua hiyo ikienda atashika redio tena. Mwenyekiti alijibu kwamba hapana.

Bi. Emerensiana aliomba nafasi, akasema akiwa amesimama: "Mume wangu alikuwa haoni vizuri tangu mwaka juzi. Chai alikuwa anamimina kidole kikiwa ndani ya kikombe, ajue imefika wapi. Nilinyamaza, maana bila kuruka asingekuwa na sababu ya kuamka. Na ninyi mlijua."

Mwenyekiti alimsihi atulie, kwa kuwa ana msiba. Alijibu kwamba msiba anao, na ndiyo maana anasema. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sylvester msimtwishe peke yake."

Mwenyekiti alisema kamati haikuwahi kupata habari za macho ya Kapteni, akamwagiza Katibu afungue daftari kuthibitisha. Katibu alifungua. Vikao vya 2/2024, 4/2024 na 1/2025 vilipokea hoja ya Bw. Steven kwamba mwajiri wa Kapteni aandikiwe ili mzee apimwe macho. Mara zote tatu imeandikwa: "Imeahirishwa kwa heshima ya mzee."

Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyependekeza kuahirisha. Katibu alisoma jina lililoandikwa, mara zote tatu: Bi. Agnella. Katibu alieleza kwamba Kapteni alimsimamia kipaimara, na hakuwa na ujasiri wa kuandika barua ile ya mwajiri kwa mkono wake. Katibu anajuta, na anaomba hilo libaki limeandikwa humu daftarini.



AZIMIO: Barua iandikwe upya, na kumbukumbu zote tatu ziambatanishwe. Wajumbe watatu walikubali, Bw. Ndaki akiwa wa mwisho. Mwenyekiti hakunyoosha mkono.

KUMB. NA. 4/2025/5: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 6:05 mchana. Bi. Emerensiana alimuuliza Katibu kama habari ya kikombe imeandikwa. Katibu alimsomea. Alisema, "Iache hivyo hivyo."

Katibu: Agnella (amesaini)

Mwenyekiti: ........................ (Alipopewa daftari asaini, alisema miwani ameisahau nyumbani.)