Miaka Mitatu Niliyoiokota Mtandaoni

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke, maana nyumbani kaka yangu ameshanicheka vya kutosha. Mimi ni karani wa masjala hospitalini, kazi yangu ni kupokea, kupanga na kutafuta mafaili ya wagonjwa, na jioni nasoma chuo, niko mwaka wa mwisho ambapo kila mwanafunzi lazima aandike utafiti, nami nikachagua kuandika kwa nini wagonjwa wetu wanasubiri sana dirishani, jambo ninaloliona kila siku kwa sababu mimi ndiye niliye upande wa pili wa dirisha hilo, mama amesimama na mtoto mwenye homa mgongoni na mimi nimepiga magoti chini ya rafu nafukua faili lake katikati ya mafaili ya watu ambao hawajakanyaga pale tangu nikiwa shule ya msingi.

Nikaona dawa ni kupunguza mafaili ya zamani. Nikaingia mtandaoni, nikaandika "kwa nini miaka mitatu inatosha kutunza faili la mgonjwa", na mtandao ukanijibu vizuri sana. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa taasisi moja ya kimataifa ya kumbukumbu za afya, ina jarida lake, na makala yenyewe ilikuwa na nembo, kumbukumbu namba, sahihi na muhuri wa duara wa bluu, na huenda wewe hujui, lakini sisi wa masjala tunafundishwa hivyo siku ya kwanza kazini, karatasi yenye namba, sahihi na muhuri inapokelewa, isiyo navyo inarudi ilikotoka, basi nami nikaipokea. Kwa kuwa ni mtu wa kuhakikisha, nikatafuta kurasa nyingine, nikapata nne zinazosema vilevile, nikaandika kwenye utafiti wangu kwamba vyanzo vitano vinakubaliana.

Halafu nikafanya kosa la kumwonyesha rasimu mkuu wangu wa masjala. Tunamwita Bwana Nafasi, kwa sababu akiingia anauliza nafasi iko wapi na akitoka analalamika nafasi hakuna. Aliisoma akiwa amesimama, akapiga meza kwa kiganja, akasema, "Binti, umeniokoa!" Akaibeba miaka mitatu yangu hadi kwa mganga mkuu, ikatiwa sahihi, na sasa mafaili yote ambayo hayajaguswa kwa muda huo yamefungwa kwa kamba na kurundikwa kwenye korido ya kufulia, yakisubiri kuchomwa katika tanuri la taka Ijumaa ya wiki ijayo.

Wakati huo rasimu yangu ikarudi kutoka chuoni. Pembeni ya ile sentensi ya vyanzo vitano, msimamizi wangu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu neno moja tu: "Nani?" Nikasema hilo ni jepesi, nitamjibu. Nikaenda kumtafuta huyo nani. Mwandishi wa makala hana maandishi mengine popote wala chuo anachofundisha. Mhariri mkuu wa jarida nilimtafuta kwa picha yake, nikamkuta kwenye tovuti nyingine ni wakala wa bima, na kwenye nyingine amelala kwenye godoro jipya akitabasamu pembeni ya mke. Zile kurasa nne zina jedwali lilelile la makala ya kwanza, na nilipojumlisha asilimia zake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, zikafika mia na kumi na mbili. Anwani ya taasisi iliyo chini kabisa ni ya duka linalouza mashine za kuskani nyaraka, na kuna kitufe cha kuulizia bei.

Mshauri, nilijaribu kusema. Nilimfuata Bwana Nafasi mlangoni kwake.

"Bosi, kuhusu ile miaka mitatu..."

"Imeshapita kwa mganga mkuu. Imesainiwa."

"Ndiyo bosi, lakini chanzo chake..."

"Chanzo ni wewe! Ulisema vitano vinakubaliana, au sikusoma vizuri?"

Nikasema alisoma vizuri. Nikarudi kwenye kiti changu. Dada wa kaunta, ambaye huwa ananihurumia, akaniambia, "Mdogo wangu, ukisema watakufukuza, usiposema watakufukuza. Bora usiseme, utakuwa angalau umekula mchana." Kaka yangu naye kila nikifungua simu ananiuliza kama namtafuta mhariri mwingine wa kuoana naye.

Juzi nikapita kwenye ile korido, nikafungua faili moja la juu, na kwenye jalada, kwa maandishi makubwa ya daktari wa zamani, pameandikwa kwamba huyu mgonjwa ana mzio wa dawa ya usingizi ya upasuaji, alinusurika kufa. Hajaja kwetu miaka sita. Nililifunga nikalirudisha palepale, na tangu hapo silali. Je, nikae kimya nimalize chuo kwanza, maana kazi hii ndiyo ninayoitegemea, au niseme na niharibikiwe? Tafadhali usitaje hospitali.

Karani mwenye hofu

*

Karani,

Barua yako nimeiruhusu kupita mbele ya wagomvi wa ndoa waliokuwa wamepanga foleni, wao wataendelea kugombana hata wiki ijayo. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikatamani kukufinya. Ulilifunga faili la mtu ambaye sindano moja inaweza kumuua, ukalirudisha palepale kwenye lundo la kuchomwa, kisha ukaja kuniandikia mimi! Mimi wa gazeti! Umepata muda wa kumfuatilia bwana wa godoro mpaka kitandani kwake, hukupata muda wa kumwandikia mganga mkuu mistari mitatu?

Tuanze na huo mtandao. Hukuuliza swali, ulipeleka jibu ukaomba liungwe mkono. Ungeandika "kwa nini miaka thelathini haitoshi", ungepata pia kurasa za kukupongeza. Mtu anayetafiti anauliza "faili la mgonjwa linatunzwa muda gani, na nani ameamua hivyo", kisha anavumilia jibu asilolipenda.

Na huo muhuri! Akija mtu dirishani kwako na barua yenye muhuri safi, anadai faili la mke wa jirani yake, unampa? Humpi. Unamuuliza yeye nani, ametumwa na nani, faili analitakia nini, na bado unapiga simu huko anakosema ametoka. Hayo ndiyo maswali ya kuuliza ukurasa wa mtandao, na wewe unayajua, unayauliza watu kutwa nzima. Lakini huyu wa mtandaoni ulimvutia kiti. Muuza mashine za kuskani akikwambia karatasi hazina maana, binti wa watu, hujiulizi anapata nini?

Vyanzo vyako vitano havikukubaliana. Alisema mmoja, wanne wakarudia pamoja na hesabu mbovu. Ukikuta maneno yanafanana hadi jedwali, usihesabu midomo, fuata nyuma mpaka kwa aliyesema wa kwanza, na ukifika ukute hayupo, sentensi hiyo ifute hata kama inapendezesha ukurasa wako. Jedwali lijumlishe kabla ya kulitumia. Angalia limeandikwa lini na kwa nchi gani, maana muda wa kutunza mafaili ya hospitali unapangwa na sheria na miongozo ya nchi yako, nayo ipo wizarani na kwenye idara ya nyaraka, na mkutubi wa chuo chako analipwa mshahara kukuonyesha pa kuipata. Umewahi hata kumsalimia? Nahisi hapana.

Kuhusu Bwana Nafasi, sitakubebesha mzigo wote. Mtu mzima mwenye cheo chake anasoma rasimu ya mwanafunzi akiwa amesimama, hiyohiyo anaigeuza amri, halafu akiulizwa anasema chanzo ni wewe. Huo ni uvivu umevaa tai. Na mganga mkuu aliyesaini bila kuuliza naye ana lake. Lakini wao hawajui unachokijua wewe, na hapo ndipo uoga wako unapoanza kuwa kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Kukosea chanzo kunasameheka, wanafunzi hukosea kila muhula. Kujua na kuacha moto uwashwe, hilo hata mimi sitakutetea. Huyo dada wa kaunta mpende, lakini ushauri wake uache uwe wa chakula cha mchana tu.

Basi fanya hivi. Andika dokezo fupi kwa mganga mkuu, nakala kwa Bwana Nafasi. Sema chanzo cha miaka mitatu umekikagua ukakuta si cha kuaminika, taja duka na jedwali, na omba uchomaji usitishwe mpaka wizara ijibu kwa maandishi. Usijitetee, na usiombe radhi kurasa mbili. Lile faili la mzio lichomoe kwenye lundo, ulipeleke pamoja na dokezo mkononi mwako, umwekee mganga mkuu mezani alione. Hakikisha nakala yako ya dokezo imegongwa muhuri kwamba limepokelewa. Akikwambia katibu wake kwamba mkubwa ana kikao, kaa kwenye benchi. Wewe unajua watu wanavyosubiri.

Kisha pendekeza kinachowezekana: mafaili yasiyotumika yahamishiwe chumba kingine na yaandikwe yalipo. Kulitoa faili kwenye rafu si lazima kulichoma, na yule mama wa dirishani atahudumiwa haraka vilevile. Hiyo sura iandike upya, na msimamizi wako mpe jina la mtu aliye hai.

Sikuahidi kwamba hutakaripiwa. Utakaripiwa, pengine mbele ya watu. Nenda hivyohivyo. Mganga mkuu huingia ofisini asubuhi kabla ya raundi ya wodini. Inuka.