Maziwa ya Mama Mdogo na Picha Mbili

Mama, shikamoo. Kaa kwanza, ndipo usome.

Jana nilipigwa picha ya nyonga kwenye ile mashine ya sumaku, nikatoka bila jibu. Niliambiwa niende na njaa, lakini mdogo wako huyu ninayekaa kwake hapa Kagugu alinizibia mlango na kikombe cha ikivuguto, yale maziwa yao ya mgando. "Mgeni hawezi kutoka mu nyumba bila maziwa!" Ningekataaje? Mpiga picha alitazama kompyuta yake akacheka: "Dada, matumbo yako iko inacheza. Picha yote imetikisika."

Leo nimetoroka kwa mlango wa nyuma kabla mama mdogo hajaamka. Wamenichoma sindano ya kutuliza utumbo, wakapiga upya. Kisha daktari akaziweka picha mbili pamoja. Ya jana ni ukungu mtupu, kama milima ya hapa alfajiri. Ya leo, hata mimi nimeona: nyama zinazotakiwa kuwa ndani ya kizazi zimeota nje, kwa nyuma. "Maumivu yako iko hapa," akasema, "na matibabu iko."

Mama, nimepiga kigelegele humo humo hospitalini! Miaka yote hii wananiambia nadeka. Wasalimie mawifi zangu, waambie picha naitundika sebuleni, juu ya kochi wanalopenda kukalia.

Wewe hutahitaji kuitazama. Uliniamini kabla ya mashine yoyote.

Mwanao anayekupenda,
Asteria