Friji Halikuwa na Kosa

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 16 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona, na kwamba mkaza mjomba na wale pacha hawajambo. Sisi huku tupo. Nimelifikiria neno hilo kabla ya kuliandika, nikaona ndilo la kweli.

Mama alitoka hospitali Alhamisi. Shangazi alishakueleza kwa simu kuhusu mguu, kwa hiyo naongeza tu kwamba wamekata chini ya goti na mshono umeanza kukauka. Anakula kidogo. Analalamika kwamba vidole visivyokuwepo vinamwasha, nami huikuna shuka pale ambapo vingekuwa. Anasema inasaidia.

Tangu simu ile hujapiga tena. Najua uliambiwa nini, maana shangazi alikuwa amesimama sebuleni na nyumba nzima ilisikia: kwamba ulitutumia jeneza la kusimama. Mama naye ameniagiza nikuandikie kuwa amekusamehe. Ndiyo kazi niliyopewa leo, Mjomba, na siwezi kuifanya, kwa sababu hakuna ulichokosea. Nivumilie unisome hadi mwisho.

Friji lilifika Jumamosi moja asubuhi mwezi uliopita, na sote tulifurahi kwamba dawa ya Mama ya kisukari haitalala tena kwa jirani. Fundi aliyelileta alikuwa mtu makini. Aliacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, akaweka sahani ya maji juu yake, akazungusha miguu ya mbele mpaka maji yakakaa sawa. Alitukataza kuliwasha hadi alasiri kwa kuwa lilisafirishwa limelazwa. Shangazi akamuuliza kama friji nalo lina uchovu wa safari.

"Linao, mama," akajibu. "Kama mimi, na mimi hamjanipa hata chai."

Kisha akafungua mlango, akaonyesha kitufe cha kuzungusha chenye namba moja hadi saba, akauliza akiweke wapi. Nikamwambia aniachie. "Haya, msomi ashike," akasema. Mama alikuwa kwenye kiti amepakata kitabu cha maelezo. Akaninyooshea. "Kisome kwanza, mwanangu." Nami nikamjibu, "Mama, hili ni friji, si mtihani."

Sasa nikueleze nilichofanya. Kwenye boksi la insulini imeandikwa ihifadhiwe kati ya nyuzi mbili na nane. Nilipoziona namba za kitufe nilidhani ni nyuzi. Nikafikiri: saba imo ndani ya mipaka, tena upande wa juu, haitagandisha dawa. Nikazungusha hadi saba, nikajisifu kimoyomoyo kwa uangalifu wangu. Kumbe zile hazipimi joto. Zinaongeza baridi, na saba ndiyo kali kuliko zote. Mtu asiyejua kitu angeweka katikati akaenda zake, na Mama angekuwa anatembea.

Dalili nilipewa. Siku ya tatu nyanya zilikuwa mawe. Mama aligonga moja mezani, akasema, "Hii ukimrushia mwizi, tunafungwa sisi." Tulicheka sana. Nikamwambia friji jipya huwa na nguvu, nikahamishia nyanya mlangoni, na vichupa vya dawa nikavisogeza nyuma kabisa, ambako ndiko baridi inakotokea. Maji hayagandi kwenye nyuzi saba. Hilo nimelijua tangu shule ya msingi. Siku ile sikutaka kulijua.

Insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka. Na sisi hatukuiona barafu, kwa sababu Mama hupenda boksi litolewe mapema, dawa isimwume kwa ubaridi. Nilichoona ni chembe nyeupe zimeshika kwenye kioo. Nilikisugua kichupa viganjani, hazikuondoka, nikamchoma hivyohivyo, asubuhi na jioni, karibu wiki tatu. Akaanza kunywa maji jagi kwa jagi. Tukasema friji limemnogea. Ilikuwa sukari, Mjomba. Kidonda kidogo alichokuwa nacho kwenye kidole cha mguu kikaanza kupanda, na tulipomfikisha hospitali daktari hakuwa na la kuchagua.

Muuguzi aliomba kuona dawa. Akakielekeza kichupa dirishani. "Hii iliganda. Friji lenu mmeweka namba ngapi?" Nikamwambia saba. Akanitazama. "Unafanya kazi gani, dada?" Nikamwambia nafundisha sayansi.

Nyumbani walijua tu kwamba friji liligandisha dawa, na siku kumi na mbili nimekaa kimya nikisikiliza wakikusema vibaya wewe. Nimesema "wakikusema", nirekebishe: tukikusema, maana kunyamaza kwangu kulikuwa na sauti. Shangazi alichomoa waya, akalifunika friji kwa shuka. Kitabu nilikisoma mwishowe kwenye benchi la hospitali. Habari ya kitufe iko ukurasa wa nne. Jana, shangazi alipokwenda sokoni, nililiwasha, nikaweka namba tatu, nikatumbukiza kipimajoto kwenye glasi ya maji rafu ya katikati. Leo asubuhi kilisoma nyuzi tano. Umetutumia friji zuri.

Unajua Mama hakubali barua ifungwe kabla hajasomewa. Naacha kalamu hapa niende kwake.

Nimerudi. Nimemsomea yote, na la mtihani sikuliruka. Hakulia wala hakunigombeza. Aliuliza kama kidonda kile kingepona. Nikasema nadhani kingepona. Akageukia ukutani. Kisha akamwita shangazi, akamwambia kuanzia leo sindano atachoma yeye.

Shangazi hajawahi kushika sindano. Nimekaa naye jikoni mchana huu nikimfundisha kwa chungwa. Aliondoa shuka kwenye friji, akaikunja, akachukua chungwa la pili. Mama amesema wakati wa dawa nisivuke mlango wa chumba chake.

Mpigie simu, Mjomba. Anakusubiri, na hana kinyongo na wewe. Kwangu usipige kwanza.

Msalimie mkaza mjomba, na pacha wote wawili, na rafiki yako yule wa kazini aliyekusaidia kulifunga friji kwa safari. Mwambie lilifika bila mkwaruzo. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akuepushe na kuwa na uhakika kupita kiasi.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukuomba radhi,

Msomi