Mtu Wetu Kwenye Mlima wa Akina Maeng

Jumamosi, 24 Agosti 2019
Tumefyeka kaburi la babu yake Baba. Alfajiri, kwa mundu — mashine ya nyasi Baba haitaki, ina kelele. Kaburi lenyewe halina hata tuta. Mlima ni wa akina Maeng wakubwa, wale waliotoa mawaziri. Na sisi ni akina Maeng! Kwa nini basi tunanyemelea kama wezi? Nimemwuliza. Akasema fyeka, Yeon-ok, punguza mdomo. Akakohoa mpaka akachuchumaa. Daktari anasema hamalizi mwaka. Anataka azikwe pale, miguuni pa babu yake.

Jumanne, 27 Agosti
Nimekwenda nyumba kubwa ya ukoo kumwombea Baba nafasi ya kaburi. Mzee Chi-hwan, mkuu wa ukoo, kanipokea vizuri. Chai ya shayiri, keki za mchele. Nikamwambia sisi ni damu moja, nikamwonyesha kaburi letu kwenye simu. Kikombe kikabaki hewani.
"Binti, hapo ni juu tu ya kaburi la mwasisi wa ukoo wetu, upande wa kichwa. Hatujamweka mtu hapo."
Kasema kwa upole. Huo upole ndio umenitisha.

Jumatano, 28 Agosti
Nimemweleza Baba. Kijiko kikamdondoka — umewaonyesha?! Kisha akafunguka. Hatuna damu yao hata tone. Babu yake alikuwa mtumwa wao, jina kachukua kwa mabwana. Alipokufa, mwanawe akamzika pale kwa siri, ili baraka za mlima, ambazo huwafuata wazao wa aliyezikwa juu, zije kwetu. Zikaja, anasema Baba. Shamba, nyumba, mimi kusoma chuo. Kule kwao watoto wa kiume wakawa wanakufa.
Naona aibu. Baba namwonea huruma pia. Sasa tutamzika wapi?

Ijumaa, 30 Agosti
Mzee Chi-hwan kapiga simu. Jumapili wanafukua, tukamchukue mtu wetu. Hakugomba. Baba hagusi chakula.

Jumapili, 1 Septemba
Naandika garini, mlimani. Wameitoa mifupa yetu, wakaifunga kwa karatasi nyeupe, kwa adabu zote. Nikadhani yamekwisha! Mzee akasema wamtazame na mwasisi, isije ikawa naye kaumizwa. Wakafukua. Patupu. Hata jino hamna.
Wote wakamgeukia Baba — wetu yuko wapi?
Nimemkokota hadi garini, nimefunga milango. Wamesimama mbele ya gari, hawasogei. Baba ananing'ang'ania mkono. Ananong'ona kwamba baba yake hakutaka kugawana baraka na mtu, kwa hiyo alimhamisha mwasisi wao.
Wapi, Baba?
Chini ya banda letu la nguruwe.
Mzee Chi-hwan anagonga kioo.